Kapu la mboga Dodoma: jani lipi liingie sufuriani kwanza, lipi lingoje, lipi likaushwe

Ukishapatana na mkulima wa bondeni ukamlipa mwezi mzima mbele, habari ya bei imekwisha. Jumamosi asubuhi bodaboda anashusha kapu mlangoni, ndani mna mafungu matano au sita ya majani yasiyofanana, na nyumbani mko watu wanne. Hayaliwi yote siku hiyo. Kuna litakalonyauka kabla ya jioni, kuna litakalofika Jumatano likiwa zima, na kuna ambalo lisipokaushwa mapema ni hasara. Mwenye kapu analazimika kuchagua kila siku, na akichagua vibaya wanaofaidi ni mbuzi wa jirani.

Nimeyaweka majani mawilimawili, kwa jinsi yanavyogombea sufuria moja. Ninapima kwa mambo matatu: linakaa siku ngapi, linakula moto kiasi gani, na linataka kuungwa kwa nini. Vitamini nitazitaja pale tu zinapobadili uamuzi.

Kapu la Februari si kapu la Septemba

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mwaka mzima tunapata kama milimita 500 hadi 600 tu. Kwa hiyo mboga zetu zina nyakati mbili zilizotengana kabisa. Mvua ikishika, mashambani na vichakani huota vitu ambavyo hakuna aliyevipanda: mgagani, mlenda, mchicha pori. Kunde na maboga yaliyopandwa katikati ya mtama na uwele nayo yanatoa majani laini. Ikifika Juni hayo yote yanapotea. Kinachobaki ni cha kumwagilia: chainizi, sukuma wiki, spinachi, mchicha wa matuta na matembele, kutoka kando ya mabwawa kama Hombolo na kwenye mito ya mchanga ambako watu huchimba visima.

Msimamo wangu ni kwamba masika usipokee chainizi. Haina ubaya wowote, ila hiyo utaipata hata Agosti. Mgagani wa Agosti utautafuta usiuone. Mkulima akipiga simu, "Dada, wiki hii nikuwekee nini?", kati ya Januari na Aprili mwambie aweke majani ya kunde, majani ya maboga, na chochote kilichojiotea shambani kwake ambacho yeye mwenyewe anakula. Wakulima wengine huona haya kumtumia mtu wa mjini mboga pori, wakidhani ataona amedharauliwa. Mtoe wasiwasi.

Kiangazi mwachie aweke anachoweza kumwagilia, lakini muulize maji anayatoa wapi. Miji mingi ina bustani zinazomwagiliwa maji machafu, na jani la namna hiyo usilifanyie kachumbari hata ukiliosha mara ngapi. Likapikwe, tena liive.

Mchicha na chainizi: vyote vya siku ya kwanza

Haya mawili hayangoji. Upepo wa Julai na Agosti hapa kwetu unaweza kulilaza fungu la mchicha kati ya sokoni na nyumbani. Tofauti ni kwamba mchicha uliong'olewa na mizizi yake unaweza kuuamsha: usimamishe kwenye bakuli lenye maji kidogo, weka kivulini, na asubuhi utakuta umesimama tena. Chainizi ikishalala imelala. Basi vikija pamoja, chainizi ipikwe mchana, mchicha usiku au kesho yake.

Kwenye sufuria chainizi ni maji matupu. Fungu linalojaza ungo linanywea mpaka linatosha sahani mbili. Usiitie maji hata tone. Kaanga kitunguu, weka nyanya kama unapenda, moto uwe mkali, itumbukize, geuza, epua ikiwa bado inatafunika. Mchicha una nyama zaidi. Una madini ya chuma mengi kuliko chainizi na unavumilia kuungwa kwa tui au kwa karanga bila kugeuka uji. Kama nyumbani kuna mtoto mdogo au mama mjamzito, kwangu swali hapo limekwisha: mchicha, na ukamulie ndimu ukiwa tayari umeiva, maana vitamini C ndiyo inayousaidia mwili kuchukua chuma iliyo kwenye majani. Chai ya rangi isubiri, isinywewe pamoja na chakula hicho.

Mchicha ulioanza kutoa maua una mashina magumu. Chambua majani, mashina kawape kuku.

Matembele na sukuma wiki: yanayoweza kungoja

Sukuma wiki ni ngumu na hilo ndilo jema lake. Kwenye friji inafika siku nne au tano. Bila friji, ifunge kwenye kitambaa kilicholowana uiweke sakafuni, itafika ya pili au ya tatu. Spinachi iko karibu nayo lakini hunyong'onyea mapema zaidi.

Matembele yana akili yake. Ncha laini zinanyauka upesi, ila ukiyasimamisha mashina kwenye ndoo ya maji yanakaa, na baada ya siku chache yanaanza kutoa mizizi. Hapo unaweza kuyachomeka karibu na bomba linalovuja, na baada ya muda ukawa na matembele yasiyolipiwa. (Mkulima wako usimwambie.)

Kwa ladha, matembele yanashinda kwa mbali. Yana ulaini ambao sukuma wiki haiupati hata uikatekate nyembamba kiasi gani. Tatizo lake ni kugeuka meusi sufuriani, na wageni wengine huikataa rangi hiyo kabla ya kuonja. Nyanya mbili za ziada zinasaidia, na usiyapike muda mrefu. Ninavyoyapenda ni pamoja na perege mkavu wa bwawa la Mtera: mloweke, mchambue miiba, mkaange kidogo na kitunguu ndipo majani yafuate. Sukuma wiki kwa samaki haileti kitu. Hiyo kaanga na nyama au kula na ugali wa dona na maharage, siku ambayo huna muda wa kufikiria.

Basi kwa mpangilio wa wiki: matembele Jumapili au Jumatatu, sukuma wiki ibaki mpaka mwisho.

Kisamvu na majani ya kunde: hapa ndipo gesi inapohesabiwa

Watu wengi wanayalinganisha kwa ladha. Mimi nayalinganisha kwa moto kwanza.

Jani la muhogo lina kemikali inayotoa sianidi, sumu kabisa, ndiyo maana hakuna anayelitafuna bichi. Ukilitwanga, sumu hiyo inaachiliwa. Ukilichemsha bila mfuniko, inapanda na mvuke na kuondoka. Hatua zote mbili ni za lazima. Anayekata kisamvu kwa kisu kama sukuma wiki na kukifunika ili kiive haraka amebakiza ndani kile alichotakiwa kukitoa. Kisamvu kilichotwangwa kinahitaji kuchemka vizuri, mara nyingi saa nzima au zaidi, kabla ya kufikiria karanga wala nazi.

Kwenye jiko la mkaa saa hiyo haikuumizi sana. Lakini mambo yanabadilika. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na nyumba nyingi za hapa mjini, kuanzia Nkuhungu hadi Kisasa, zina mtungi mdogo wa gesi jikoni. Kwa mtungi wa kilo sita kisamvu cha kila wiki ni gharama. Ukikipenda, pika kingi kwa mara moja: chemsha bila chumvi, gawanya kwenye vikopo, gandisha, kisha unakiunga kidogokidogo. Hapo kinakuwa mboga ya haraka kuliko hata mchicha.

Majani ya kunde yanaiva kwa muda mfupi sana ukilinganisha, na hayana sumu ya kukimbizana nayo. Siri yake iko kwenye kuchambua. Likunje jani katikati: likikunjika bila kelele na kurudi taratibu, ni changa, litakuwa laini. Likivunjika na kutoa mlio wa karatasi, ni kuukuu. Litabaki likikwaruza ulimi hata lichemshwe vipi. Kwenye kapu vyote vinachanganywa, kwa hiyo tenga. Machanga yaingie sufuriani leo, makuukuu yakaushwe na kusagwa, ambako ukwaruzaji wake hautajulikana.

Mwenye gesi, na ambaye anatoka kazini Mtumba, kwenye mji wa serikali, saa kumi na moja jioni, achukue majani ya kunde. Kisamvu kibaki cha Jumapili, cha wageni na wali, kikiwa na kunde zenyewe au nyanya chungu ndani.

Majani ya maboga yako upande huohuo wa majani ya kunde kwa moto, ila yanadai mikono. Lazima uvute nyuzi kuanzia kwenye kikonyo, kisha uyafikiche kidogo ndani ya maji ili vile vinyweleo vilale. Asiye na subira ya kuchuna asiyachukue.

Mgagani na mnavu: vichungu viwili

Hapa sitakaa sana, kwa sababu mtu ama anapenda mboga chungu au hapendi. Mnavu uchungu wake ni wa upole. Cha kuangalia ni vile vitunda vyake vibichi vya kijani: vitoe vyote, vina sumu. Mgagani ni mchungu zaidi na una harufu yake, na dawa yake ni maziwa. Uchemshe, umwage maji ya kwanza, kisha uurudishe motoni na maziwa fresh au mgando, moto mdogo, mpaka maziwa yashike majani. Ukilala usiku mmoja na kupashwa kesho yake unakuwa mtamu zaidi, mradi uulaze kwenye friji. Masika ndiyo wakati ng'ombe wanakamulika vizuri kwa majani mapya, kwa hiyo vitu viwili hivyo vinakuja mjini kwa pamoja.

Kumwaga maji kunapunguza vitamini, hilo ni kweli. Lakini kwa mgagani sioni njia nyingine kwa mtu ambaye hakukua akiula. Kwa mgeni changanya mgagani kidogo na mchicha mwingi.

Karanga, nazi au mafuta matupu

Jani lolote linahitaji mafuta kidogo, kwa sababu ile asili ya vitamini A iliyo kwenye majani mwili hauichukui vizuri bila mafuta. Swali ni mafuta gani.

Hapa tulipo, mafuta ya alizeti na karanga vinalimwa mlangoni kwetu. Nazi inasafiri kutoka pwani. Tui nalitunzia kisamvu, na mchicha wa kula na wali. Majani ya kunde, ya maboga, mgagani na mlenda ni ya karanga. Nazi juu ya mlenda ni jaribio ambalo sioni sababu ya kulifanya.

Ila karanga zina jambo moja zito. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotolewa na ukungu kwenye nafaka, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kikubwa kilikuwa mahindi. Karanga nazo hushikwa na ukungu wa aina hiyohiyo, na sumu yake haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Kwa hiyo karanga zilizokwisha kusagwa, zile za kwenye mfuko, kwangu hazishindani na karanga nzima hata zikiwa nusu ya bei. Unga unaficha kila kitu. Nunua nzima, zimwage kwenye ungo mwangani, toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye ukungu, halafu twanga mwenyewe au simama mashineni zikisagwa.

Karanga zikoroge na maji ya uvuguvugu kwanza ndipo umimine, la sivyo zinafanya madonge. Zikishaingia, koroga mpaka zichemke na kuiva. Karanga mbichi kwenye mboga zinajulikana kwa harufu. Chumvi iwe ya mwisho kabisa, tena onja kwanza, maana maji yetu ya Dodoma yenyewe yana chumvichumvi na kinachotosha Morogoro hapa kinazidi.

Mlenda mbichi na mlenda mkavu

Hii ndiyo mboga ya hapa, na ndiyo inayowatatiza zaidi waliohamia. Aliyezoea mchicha wa nazi anaona utelezi anashtuka. Mpe ugali wa uwele au wa mtama badala ya sembe, maana ugali huo una ukavu ambao mlenda umeumbiwa, na aule kwa mkono. Kwa kijiko hatauelewa kamwe.

Mlenda mbichi wa masika una harufu ya shamba na utelezi mwepesi. Unakatwakatwa, unachemshwa na majani ya maboga au bamia, unapekechwa kwa upekecho mpaka uwe mmoja, kisha karanga. Wengi hutia magadi ili uive haraka na uteleze zaidi. Ni kweli unateleza, lakini magadi yanaua vitamini C na baadhi ya vitamini B, na yakizidi mboga inaonja sabuni. Kwa mlenda mbichi na mchanga siyaoni ya lazima. Kwa majani makuukuu punje ndogo inatosha.

Mbichi haungoji. Ukija wiki moja na mgagani na majani ya kunde, huwezi kuvimaliza vyote, na ndipo uamuzi wa kukausha unapokuja. Katika kapu zima, yanayostahili kukaushwa ni mlenda, kunde na mgagani, pamoja na majani ya maboga yakibaki. Chainizi usijisumbue, utabaki na kitu kama karatasi ya sigara.

Jua au kivuli? Wengi huanika juani kwa sababu ni haraka, na Mei hapa jua halina deni. Lakini jua kali ndilo linaloimaliza ile asili ya vitamini A na kuifanya rangi ya jani kuwa ya majani ya chai. Kivulini penye upepo, juu ya ungo au chandarua kilichoinuliwa kutoka chini, kunachukua muda zaidi na jani linabaki kijani. Ninachagua kivuli. Majani ya kunde na mgagani yachovye kwanza kwenye maji yanayochemka, dakika moja au mbili, uyachuje ndipo uyaanike. Yanakauka vizuri zaidi na yakipikwa yanalainika upesi. Mlenda wenyewe usiuchovye, utauachia utelezi majini.

Februari na Machi, mawingu yakiwa mengi, geuza majani kila mara na uyaingize ndani usiku, kwa sababu jani lililokauka nusu linashika ukungu. Lililo tayari unalijua kwa kulisokota: linasagika vidoleni, vikonyo vinavunjika kwa mlio. Tia kwenye kopo linalofunga vizuri, weka mahali pasipo na mwanga. Mlenda usage uwe unga ukiwa umeukausha sana. Mengine yaache vipandevipande.

Mlenda mkavu sasa unashinda mbichi katika jambo moja: unakungoja wewe. Oktoba na Novemba, kapu linapokuwa jembamba na mkulima anaomba radhi kwa maji kupungua kisimani, unga huo ndio mboga ya haraka kuliko zote. Utelezi wake ni mzito, harufu yake imekolea, na watu wa hapa wengi wanaupenda kuliko mbichi hata masika.

Unachemsha maji na nyanya iliyokatwa na kitunguu kidogo. Yakichemka unanyunyiza unga wa mlenda kwa mkono mmoja, mkono mwingine unapekecha, usimwage wote kwa pamoja. Anza na kidogo kuliko unavyodhani, kwani unga unavimba. Ukizidi, unaongeza maji ya moto, na ghafla mboga ya watu wanne imekuwa ya kumi. Karanga zinafuata, dakika chache za moto mdogo, chumvi. Mfuniko usiuguse: mlenda uliofunikwa hupanda wote na kuzima jiko.